Mheshimiwa Amekula Nini Leo

4 Februari

Kwako mama,

Shikamoo. Huku uzima upo, mafua yameniachia na sauti imerudi. Vidole vyako vinaendeleaje? Zile rasta nyembamba waachie wasichana wako wa saluni, ulishaniahidi.

Nina habari. Ofisini wamenipa kazi ya kuiongoza mwenyewe: programu ya simu ya kupanga chakula cha ndege wa kufugwa. Usicheke. Watu wanafuga kasuku na chiriku, na wengi wanawapa mbegu za alizeti asubuhi mpaka jioni. Ndege wananenepa na kufa mapema. Kwenye programu yangu unaandika ndege wako ni wa aina gani na ana uzito gani, nayo inakupangia wiki nzima: mbegu kidogo, mchicha, karoti, boga, tunda mara mojamoja. Kila anachokula unakiandika. Akila vizuri, siku yake inakuwa ya kijani. Akila ovyo, inakuwa nyekundu. Kila kitufe nimekichora mimi.

Mwisho wa Juni wakubwa wataamua. Ikionekana inawasaidia ndege kweli, itatolewa kwa watu wote. La sivyo inafungwa, nami narudi kuchora vitufe vya kazi za wenzangu. Nimeshapata ndege wachache wa kujaribia hapa mjini, lakini namtaka na Mheshimiwa. Kasuku wetu huyo nimekua naye. Mwambie fundi simu wa jirani akuwekee hiyo programu, maelezo nimemtumia.

Mwanao,
kitinda mimba

17 Februari

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba. Mimi mzima, vidole vizima, na rasta nyembamba nasuka mwenyewe kwa sababu wasichana wanazivuta mpaka mteja anashindwa kufumba macho. Umekula? Maana barua nzima ni chakula cha ndege, chako hukukitaja.

Barua nimeisomea saluni nzima kama kawaida yangu. Kwenye simu unaniambia "sawa mama" halafu unakata, ila karatasi nairudia nitakavyo. Mama wa benki, yule mteja wetu, alikuwa na kichwa nusu, upande umesukwa na upande umesimama, akapiga makofi. Nimewaambia wewe ndiye mkubwa wa ofisi hiyo. Najua hukusema hivyo. Nimetia chumvi kidogo, ni haki yangu.

Fundi simu ameshaiweka. Imeniuliza jina la ndege, nikaandika Mheshimiwa. Ikauliza nani anamlisha, ikatoa nafasi ya jina moja, nikaandika langu yaishe. Yeye mwenyewe yuko palepale juu ya tundu lake, kati ya kioo na mashine ya kukaushia nywele, anawaambia wateja "umependeza" kabla hawajavua hata kitambaa. Yaani ndege ana mpango wa chakula wa wiki nzima, na mimi nakula nitakachokikuta. Lakini kwa ajili ya kazi yako nitamchemshia hata boga.

Mama yako,
kichwa kimevimba

26 Machi

Kwako mama,

Shikamoo, na salamu kwa wote walio kwenye viti leo, maana najua wanasikiliza. Mimi sijambo, na ndiyo, nakula.

Mheshimiwa anaongoza. Ndege wa huku siku zao zimechanganyika, kijani leo, nyekundu kesho. Yeye tangu wiki ya pili ni kijani tupu. Wakubwa wameweka picha yake mbele kabisa ya taarifa yetu. Bosi wangu, yule mama asiyecheka, aliuliza ndege huyu anatunzwa na nani. Nikasema mama yangu. Siku hiyo nilitembea ofisini kifua mbele utadhani nimejenga daraja.

Kitu kimoja tu: sehemu ya uzito iko tupu. Mpime kwenye mizani ya jikoni, na unipigie picha mpya.

Mwanao

5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mizani imegoma, nitatafuta nyingine. Picha hiyo hapo, samahani imetoka kichwa peke yake, Mheshimiwa hatulii siku hizi. Wateja ni wengi, nitakuandikia vizuri nikipumua.

Mama yako

25 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hii usiisome saluni.

Shangazi ameniandikia. Anashukuru ulivyokwenda kumuuguza wiki nzima, nami nashukuru amepona. Akanichekesha kwa kusema kwamba Mheshimiwa ulimwacha kwa fundi simu, na fundi alikuwa anamlisha mkate mweupe kutwa. Nilicheka. Kisha nikafungua programu niitazame wiki hiyohiyo. Inasema mchicha asubuhi, boga jioni. Kijani kila siku.

Nilirudi nyuma wiki hadi wiki. Hakuna ndege anayekula hivyo, hata wa daktari. Sikuandikii kukugombeza, na nani mimi nikugombeze. Lakini nimeumia, na nikinyamaza utajua tu. Ile picha iko mbele ya taarifa, na mwisho wa Juni nitasimama mbele ya wakubwa niseme kazi yangu imemfaa ndege huyu.

Niambie ukweli. Mheshimiwa anakula nini? Yuko salama?

Mwanao

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza bila kuzunguka, nami sizunguki.

Hayuko salama. Jumatatu alitaka kuruka kutoka kwenye tundu mpaka juu ya kioo, mahali alipozoea, akaanguka chini kwenye nywele zilizokatwa. Nilimfunga kwenye taulo nikakimbia naye kwa daktari wa mifugo huku mteja nimemwacha na mafuta kichwani. Daktari akambonyeza kifua, akasema ni mafuta matupu, na ini linaelemewa. Akiendelea hivi tutampoteza.

Sasa sikiliza. Wiki ya kwanza niliandika ukweli wote. Huyu kampa biskuti, nikaandika. Yule kampa viazi vya kukaanga, nikaandika. Kila nikiandika, kioo cha simu kinawaka nyekundu. Nyekundu, nyekundu, kama mwalimu mwenye hasira. Nikasema, wakubwa wa mwanangu wakiona wekundu huu watasema kazi ya kijana ni mbaya. Nikaanza kuandika kile alichotakiwa kula. Niliona naibeba kazi yako mgongoni kama nilivyokubeba wewe. Ndege sikumkumbuka, nilikukumbuka wewe tu. Huo ndio ujinga wangu, na naona haya.

Na kumzuia asipewe siwezi. Mteja anakaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka alasiri, chakula chake kapakata, na Mheshimiwa ameshajifunza kusema "nipe kidogo" kwa sauti ya mtoto anayeumwa. Nikimkataza huyu, yule wa nyuma anampa. Mtaa mzima unamlisha. Mimi nimeandika jina tu.

Waambie wakubwa kosa ni la mama yako. Usilibebe wewe.

Mama

23 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Pole kwa Mheshimiwa na pole kwako. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi, nayo umenipa wewe.

Barua yako niliisoma mpaka ikalainika. Kisha nikaenda kwa bosi, nikamwambia atoe ile picha, kumbukumbu za ndege wetu si za kweli. Akauliza nani alidanganya. Nikamjibu hivi: "Programu yangu ilimtia mama yangu aibu mpaka akaogopa kuiambia ukweli. Kosa ni langu." Akasema nina mpaka mwisho wa Juni uleule, haongezi hata siku.

Ulipoandika kwamba mtaa mzima unamlisha niliona nilipokosea. Nilichora kana kwamba kila ndege ana mtu mmoja, tena mtu asiyekosea. Nimebomoa karibu nusu ya kazi. Sasa haina jina moja. Chukua ile simu yako ya zamani, itundike kando ya tundu. Kabla mtu hajampa kitu, anagusa picha ya kitu hicho. Kama kinafaa, inamwambia kiasi. Kama kimezidi, inamwambia kwa upole kwamba ndege ameshashiba hicho, bali karoti bado hajapata. Nyekundu imebaki kwa sumu tu, kama parachichi na chokoleti. Mengine ukikosea, inapanga upya kesho.

Usinifiche kitu safari hii. Akila ovyo, andika ovyo. Nikishindwa, bora nishindwe kwa ukweli. Na hii wasomee.

Mwanao

19 Juni

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba na marahaba. Nimewasomea. Nilipofika pale uliposema kosa ni lako, karatasi nikampa mama wa benki akaimalizia.

Simu imetundikwa kwa kamba ya rasta. Siku za kwanza ilikuwa vurugu, kila mtu anagusa, fundi simu akaitwa sijui mara ngapi. Sasa wanagombea zamu. Mama wa benki anakuja na karoti kwenye mkoba wake wa kazini, ukimwona na ile mikufu huwezi kuamini. Mteja mwingine alifika na parachichi lake, simu ikawaka nyekundu, saluni nzima ikapiga ukelele, akalificha chini ya mapaja. Mheshimiwa alininunia wiki mbili. Alikataa hata kusema "umependeza", biashara ikapoa.

Nimempima kila Jumatatu, na namba zote nimekuandikia, hata ile wiki alipoiba kiazi. Uzito unashuka polepole kama daktari alivyotaka. Na jana, mteja akiwa kichwa chini kwenye beseni, tulisikia mabawa. Ameruka mwenyewe mpaka juu ya kioo. Nilikaa chini nikalia, na wasichana wananicheka.

Mama yako, na ni kweli tupu

2 Julai

Mama,

Shikamoo. Wamekubali. Inatoka kwa watu wote mwezi ujao. Nilionyesha wiki zote za Mheshimiwa, zile za uongo na zile za kiazi, nikaeleza moja baada ya nyingine. Bosi asiyecheka alicheka kwenye kiazi.

Mwanao

14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, shangazi yako anakusalimu, na wewe naona umenyamaza, nadhani ni kazi. Leo nakuandikia jambo moja tu.

Nilimpeleka Mheshimiwa kwa daktari akatazamwe ini. Kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja mwenye chiriku wawili. Akatoa simu, akagusa, nikaona vitufe vyako. Akaniona natazama, akasema, "Mama, huna hii? Sogea nikuonyeshe." Akaanza kunieleza. Hapa unaandika mtama, hapa mboga. Kwake wanalisha watu watano, na mjukuu wake alikuwa akiwapa biskuti, sasa anauliza kwanza. Alikuwa amevaa miwani puani na kidole kinasitasita, ila alikuwa anaifurahia kama mtoto.

Unanijua. Nimekutangaza sokoni, kwenye misiba, kwa watu wanaosubiri basi. Nikafungua mdomo niseme. Mzee akanitangulia.

"Aliyeitengeneza hii simjui," akasema, "lakini mtu huyo amelelewa. Ukikosea, hakugombezi."

Jina lako lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, mwanangu, nikalimeza. Ningesema ni mwanangu, angeanza kunisifu kwa adabu, na mimi nilitaka ile sifa aliyoitoa bila kujua nani anasikia. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la manyoya.

Kisha nikamwambia sijaelewa vizuri, anionyeshe tena kuanzia mwanzo.

Mama yako