Kitabu cha Bamama wa Baraka

Jumatano, 3 Mei 2000

Katoni imefika! Abbé Raphaël, padri wetu, ameileta na boti kutoka Uvira, juu ya magunia ya chumvi. Tuliomba vitabu vya hesabu na chaki. Tumeletewa vitabu vya Kifaransa, vinene, vya rangi, vyote kuhusu wanawake wakubwa wa historia. Malkia. Wataalamu wa nyota. Mmoja yuko juu ya farasi, amevaa chuma mwili mzima. Chaki hata kipande hakuna.

Lakini chaki ningeandikia wapi? Shule yangu waasi wameigeuza kambi na ubao wameupikia maharagwe. Basi, nitawasomea bamama, akina mama wa parokia yetu hapa Baraka.

Jumapili, 7 Mei

Tumesoma baada ya misa, katika salle, ukumbi wa parokia. Wamekuja wengi kuliko wanaokuja kwaya. Hata Zubeda wa vitenge, Mwislamu, mama yake Ayubu, amekuja na kigoda chake.

Nikaanza na malkia mmoja wa zamani. Nikaeleza majeshi yake, meli zake, mji alioujenga. Mama Norbert akanyoosha mkono: huyu ni mama wa nani? Nikasema kitabu hakisemi. Sasa tumwiteje? Kwa jina lake, nikasema. Wakacheka mpaka mtu akamwaga maji. Mwanamke mzima, mwenye majeshi, umwite jina lake kama kasichana kanakotumwa kisimani! Mama Ayubu akasema hata kwao ni aibu.

Kumbe ndiyo maana mimi, miaka yangu thelathini na moja na mtoto hakuna, wananiita Mwalimu tu. Wakisema Aline watakuwa wananitukana. Asante sana.

Kwa yule wa chuma, Mama Ayubu aliuliza kama basoda wake, askari wake, nao walikuwa wakichukua mbuzi za watu. Kitabu kiko kimya.

Mwishoni wakataka niwaonyeshe ukurasa wa wanawake wa kwetu, wa Fizi. Hakuna. Wakasema wote pamoja. Uamuzi: tutaandika chetu. Mwandishi ni mimi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nataka sana!

Jumanne, 9 Mei

Nimeandika mpaka kidole kinauma. Kila mama na sura yake: juu jina, bila neno Mama maana wote ni bamama, na chini yake ushindi wake. Mama Norbert: aliwafukuza wezi wa nyavu kwa mwiko wa bugali. Mama Ayubu: alipitisha vitenge kwenye vizuizi vyote vya njia ya Lulimba akijifanya ana mimba, na basoda wakambebea mizigo.

Leo ilikuwa zamu ya Mama Nicolas, mkunga. Nusu ya Baraka imepita mikononi mwake, nami nimo. Mwaka wa 96 tulipokuwa tukikimbilia Kigoma alizalisha ndani ya mtumbwi, katikati ya ziwa, mawimbi yakiingia, huku akimfokea mpiga kasia aangalie mbele. Mambo kama hayo anayasema kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika sombe.

Nikamuuliza Nicolas alikuwaje. Nilijua alifariki, kila mtu anajua. Surua, wakati wa uasi wa zamani, ule wa miaka ya sitini, familia zote zikiwa zimejificha mlimani. Hakuwa ameanza hata kutambaa. Mwingine hakupata. Akafikiri sana. Akasema alikuwa hapendi kelele. Ni hilo tu.

Nimeliandika hilo pia.

Alhamisi, 11 Mei

Balaa. Basoda waliingia salle tukiwa katikati ya sura ya Mama Norbert na mwiko wake. Mkutano bila autorisation, bila ruhusa yao! Wamechukua kitabu chetu. Vya Kifaransa wameviacha, wamesema vina picha tu.

Ijumaa, 12 Mei

Tumeitwa biro, ofisini kwa Kamanda Casimir, bwana mkubwa wa waasi hapa mjini. Ana miwani ya kusomea, nadhani ndiyo inayomdanganya kwamba amesoma. Maandishi yangu aliyaona mengi, kwa hiyo alisoma vichwa vya sura tu. Norbert. Ayubu. Nicolas. Na chini yake neno ushindi, ushindi, ushindi. Amekata shauri: hawa ni wakubwa wa Mai-Mai, wale wa mlimani wanaopigana na waasi, na sisi tumeandika vita walivyoshinda.

Nikamweleza kwamba ni majina ya bamama. Akaniuliza tangu lini mwanamke akaitwa Norbert. Nikamuuliza mama yake huko nyumbani anaitwa nani. Akasema Mama Casimir. Nikasema, si unaona? Akasema mama yake nisimwingize katika vita.

Akaanza kuwadai watoto, mmoja mmoja. Norbert yuko wapi? Mama Norbert akaonyesha mlangoni. Norbert ndiye aliyesimama pale na bunduki — soda wa Kamanda mwenyewe, walimchukua kwa nguvu mwaka jana. Akapiga saluti. Haya, Ayubu? Ayubu ndiye anayemletea Kamanda mafuta ya pikipiki, na asubuhi walikunywa chai pamoja. Kamanda akakohoa.

Nicolas?

Tukamwambia alikufa mtoto mchanga. Akataka acte de décès, cheti cha kifo. Mlimani, watu wanakimbia risasi, nani angeandika acte? Akataka kaburi. Msitu umelimeza zamani. Sasa Kamanda akatabasamu. Huyu hana picha, hana kaburi, hakuna aliyemwona tangu uasi wa zamani. Basi huyu ndiye mkubwa wao wote!

Mama Nicolas amefungiwa kasho. Atatoka Nicolas akijisalimisha.

Jumamosi, 13 Mei

Mji mzima unamsema Nicolas. Sokoni nimesikia kwamba juzi alionekana upande wa Lulimba. Mvuvi mmoja anaapa alimvusha. Basoda wameongeza magunia ya mchanga mbele ya biro, na wawili wamegoma kwenda doria ya mlimani. Ningecheka. Lakini nimempelekea mama yule ndagala na bugali, nimemkuta amelala kwenye sementi, miguu imevimba. Wajawazito wawili wako karibu kuzaa na mkunga ni yeye peke yake.

Nina hasira. Na kitabu, na Kamanda, na yule malkia mwenye meli zake ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto.

Jumapili, 14 Mei

Abbé Raphaël amepata njia. Kwa ubatizo Mama Nicolas ni Marie, kama nusu ya parokia. Abbé amezungumza na Kamanda, na Kamanda, ambaye nadhani magunia ya mchanga yameanza kumuaibisha, amekubali. Kesho mama aseme mbele ya mashahidi kwamba yeye ni Marie na hana mtoto anayeitwa Nicolas. Hapo hapo faili itafungwa na yeye atarudi nyumbani.

Sentensi moja! Nimekwenda kasho kumfundisha. Alisikiliza vizuri, akanishukuru, akauliza wale wajawazito wanaendeleaje. Sentensi yenyewe hakuirudia.

Jumatatu, 15 Mei

Naandikia hapa biro, kwenye baraza. Tumeambiwa tungoje. Nani anamngoja nani, sielewi tena.

Asubuhi walimtoa. Abbé alikuwepo, mimi, Mama Norbert, na Norbert mlangoni kama kawaida. Kamanda akavaa miwani. Akasema kwa upole kabisa, sikutegemea:

— Mama, sema tu. We ni Marie. Hauna mutoto ya kuitwa Nicolas. Halafu uende kwako.

Mama Nicolas akaangalia chini. Abbé akamnong'oneza: Marie, sema. Mimi nikamnong'oneza pia.

— Mukiniondolea ile jina, akasema, nani atajua kama mutoto yangu alikuwaka?

Kamanda akauliza mara ya mwisho: Nicolas iko ao haiko?

Mama Nicolas akainua kichwa.

— Iko.

Abbé akafunga macho. Kamanda akauliza iko wapi. Mlimani, akasema. Ni mtu wa namna gani? Mama Nicolas akaangalia mlangoni aliposimama Norbert, akampima kwa macho, akasema Nicolas ni mrefu kupita huyu. Ana ndevu. Sauti yake ni nzito, lakini hapendi kelele. Watu wake ni wengi? Wengi sana, na wote wanamheshimu. Alikuwa anasema polepole, na kila neno likimfungua uso. Sijawahi kumwona hivyo. Nimelia mbele ya waasi, sioni aibu.

Kamanda alisimama mwenyewe akamletea kiti. Kiti chake. Sasa yuko ndani anapiga kelele kwenye motorola, redio yake, anaomba wakubwa wake ruhusa ya kuzungumza na Jenerali Nicolas. Mama wa jenerali halali kasho, amesema. Lakini kwenda nyumbani pia hawezi, mpaka jenerali ajibu. Kama jenerali hajibu, sijui. Sitaki kujua.

Mama Nicolas amekaa hapa kando yangu kwenye kiti cha Kamanda. Wamemletea chai ya maziwa. Ameninong'oneza niandike yote aliyoyasema, katika kitabu, wakikirudisha. Halafu akaniuliza jambo lingine, kwa sababu Kamanda atalidai tu: kama Nicolas ameoa, na kama ameoa, mke awe wa hapa Baraka ao wa kule Fizi?

Nimemwambia achague mwenyewe, yeye ndiye mama mkwe. Anafikiri. Chai inapoa.