Alama ya Swali la Nne

Jumanne, 14 Agosti 1979

Sifuri ile nimeiandika mimi, kwa mkono wangu, na mpaka sasa sijui kama nimemtendea haki yule bibi.

Leo mkufunzi wa semina alitugawia karatasi ya maswali ya kupima wazee wanaopoteza kumbukumbu, kila mganga wa zahanati na mzee wake. Mimi nilipata bibi wa Ushetu, aliyeletwa na bintiye, Mama Kulwa. Mume wa Mama Kulwa, yaani mkwewe bibi, alibaki mbali, mlangoni.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, nikimwita mama kwa Kisukuma. Akaitikia marahaba vizuri kabisa. Swali la nne: yule aliyesimama pale anaitwa nani? Bibi akainamisha kichwa, akajifunika khanga usoni. Nikaandika sifuri.

Mjinga mimi! Msukuma mzima, nasahau kwamba mama hatamki jina la mkwewe? Mama yangu mwenyewe hathubutu. Hapo nani kasahau, yeye au mimi? Nikashika raba nifute.

Mama Kulwa akanivuta pembeni. "Daktari, siku hizi nyumbani anamwita mkwewe kwa jina, mbele za watu. Majirani wanasema ni uchawi. Ndiyo maana tumemleta."

Sasa leo amepona? Au ugonjwa wenyewe huja na kuondoka kama homa? Nikamuuliza mkufunzi. Akasema nifuate karatasi.

Basi nimeifuata, sifuri imebaki. Angemtaja mkwewe, ningempa alama moja, na Mama Kulwa angeangua kilio.