Barazani kwa Anselmi

Morogoro mjini, Jumanne

Shikamoo Mjomba Anselmi,

Machungwa ya Kinole yamefika, hata moja halikupondeka. Josephina wangu ameota jino la pili.

Mjomba, laiti ungeliona jengo ninalofuta vioo! Ghorofa sita, kioo juu mpaka chini. Asubuhi ukisimama ng'ambo ya barabara, Uluguru yote imo ndani, mawingu yanapita, mpaka moshi wa majiko ya huko juu. Siku ya kwanza nilibaki mdomo wazi, kitambaa mkononi.

Limesimama palipokuwa na maduka yako yaliyojengwa kwa tofali za kuchoma. Nilikwambia walioyanunua kwako wanayakarabati. Nilidanganya, nisamehe.

Jana mvua ilishuka ghafla. Watu wakakimbilia palepale walipozoea, wakabana migongo kwenye kioo. Hakuna upenu, Mjomba. Bibi mmoja mwenye kapu la mboga akauliza, "Jamani, si hapa barazani kwa Anselmi?"

Nikamfungulia mlango. Mlinzi akaufunga: "Wateja tu."

Mlima mzima umeenea kwenye kile kioo. Bibi yule na kapu lake hawakuenea.

Mpwa wako akupendaye,
Editha