Kucha Zako, Mama

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi mwanao wa mwisho, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliishia darasa la pili, lakini Mfaranyaki nzima hakuna mzee wa kunizidi kuandika. Anayebisha aje.

Unakumbuka kucha zako? Zilivyojaa vitundu kama zimedonolewa na vifaranga, zikawa nene, zikaachana na nyama. Watu wakasema zinaambukiza. Msibani wakakupa kazi ya kuni, usiguse ugali wao. Nyumbani ukajitengea kibakuli, ukala pembeni. Nikikufuata unanifukuza: "Rudi kwa wenzako, usije ukaokota ugonjwa." Kila Jumamosi ukachokonoa chini ya kucha kwa mwiba, ukazilowesha mafuta ya taa, ili kesho yake kanisani watu wakupe mkono wa amani. Nani alikupa? Mimi.

Sasa zimenijia. Nikafanya kama wewe: kibakuli changu, mwiba wangu. Wajukuu wakiniita sahani moja, nasema nimeshiba. Binti yangu Agatha akachoka, akanipakia bodaboda mpaka hospitali.

Daktari ni binti mdogo tu. Nikamwambia, "Hii fangasi, naijua. Nipe vidonge niondoke."

"Babu, fangasi hatuijui kwa macho tu." Akakwangua ukucha kidogo, akapeleka kupima. Akanionyesha doa chini ya kucha, kama tone la mafuta. Kisha akakagua viwiko, nyuma ya masikio, mpaka kitovu!

"Kitovu cha nini? Mimi nimeleta kucha!"

Akacheka. "Ndiko ugonjwa unakojificha, babu. Asubuhi vidole vinakakamaa?"

"Mimi chuma."

"Vinakakamaa, daktari," Agatha akadakia. "Vifungo vya shati namfungia mimi."

Majibu yakatoka: fangasi hakuna. Ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoshika mpaka kucha na viungo. Hauambukizi, ila hutembea kwenye ukoo. Akanipa dawa ya kupaka, akasema nikate kucha fupi, mwiba niutupe, maana kuchokonoa ndiko kunakouchochea. Na niwe na subira, kucha huota polepole.

"Kwenu kuna aliyekuwa na kucha kama hizi?"

Mama, tangu tukuzike sijalia. Pale nikasema, "Mama yangu," ikabidi binti wa watu anisubiri.

Miaka yote ile ulikula peke yako bure.

Jana nimenawa, nikatia mkono sahani ya wajukuu. Wakalalamika babu anamega matonge makubwa. Kweli, kwa kula hawaniwezi. Lakini pembeni yangu niliacha tonge moja, nikawakataza wasiliguse. Lile lako. Ukala na sisi.

Mwanao wa mwisho,
mwenye kucha zako