Kumnyoa Mfalme wa Nta

Gesche mke wangu,

Bata uliyemtuma amefika, ila chumvi umezidisha kama kawaida yako.

Mfalme bado hajazikwa. Desturi ya hapa unaijua: mpaka azikwe, sanamu yake ya nta inaketi mezani, inapakuliwa supu, na mimi kinyozi wake naipitishia wembe kila asubuhi. Akishazikwa, kiti ni cha mwanawe, ndiyo maana malkia hana haraka. Kutwa alikuwa akichekacheka mbele ya sanamu ile na Bwana Lothar, hawara wake mwenye ndevu nyekundu.

Wiki iliyopita waligombana, na Lothar hajaonekana tena. Nilipomuulizia, malkia alinijibu, "Wewe nyoa. Ya wakubwa yanakuhusu nini?" Sanamu nayo ikapelekwa kwa fundi, eti shingo imepata ufa. Imerudi jana, nikaiona imenenepa.

Leo nimenyoa shavu moja, nta ikabanduka kidogo, na wembe ukatoka na ndevu. Za mfalme zilikuwa nyeupe. Hizi ni nyekundu.

Nikageuka. Malkia alikuwa anakunywa supu yake.

"Mbona umesimama?" akaniuliza. "Shavu la pili bado."

Nimelinyoa, Gesche.

Mumeo,
Anselm