Koti la Baba Nililolifua

Nyumbani,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 14 Aprili.

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama, nyingi kadiri karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani huko? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha, au bado unajitia ushujaa wa kutoka nje kifua wazi? Na yule msimamizi wako mnoko, ameanza kukuacha upumue?

Sisi tupo. Mama miguu bado inamvimba lakini anakula, na akikuta chumvi imezidi anasema, kwa hiyo jua yu mzima. Bonge anaota magego na anamng'ata kila anayemsogelea. Shemeji yako yuko safarini na lori tangu wiki iliyopita. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba mpwa wako, na mwandiko ukipinda umlaumu yeye.

Uliniagiza mambo ya koti la baba, nami nimekaa kimya wiki sita. Sikusahau. Ulisema nilipeleke kwa fundi likarabatiwe, na ikishindikana nikununulie jipya lililoshonwa kwa mtindo uleule wa marubani, alimradi upate kitu cha kuvaa kinachofanana naye, kwa kuwa hukuwahi kumzika. Niliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi. Ndiyo iliyonifunga mdomo.

Nililipeleka kwa fundi mikoba wa pale kona ya posta. Alilitandaza juu ya meza, akalikunja mkono mmoja, ngozi ikalia kama ubao unaovunjika. Akanitazama. "Dada, koti hili lilikosa nini mpaka likapewa adhabu hii?" Akauliza nani alilifua. Nikasema jirani. "Basi huyo jirani yako asiguse ngozi tena maisha yake yote," akasema, na wateja wake wakacheka. Mimi pia nikacheka, kaka.

Akanieleza. Kulirudisha kama jipya kunawezekana, lakini kola imeliwa na nondo, zipu imekufa, mikono imepasuka kwenye viwiko, na bitana lazima aing'oe yote ili aifikie ngozi kwa ndani. Nikamuuliza, sasa cha baba kitabaki nini? Akahesabu kwa vidole, akaishia kwenye mgongo na mfuko mmoja.

Bitana ndiyo iliyonishinda. Unavikumbuka vile vitanzi alivyovishona mwenyewe kwa uzi wa viatu, saba, kila kimoja na kifaa chake? Rubani aliyempa lile koti alimtania kwamba amegeuza vazi la angani kuwa kabati. Lakini hakuna ndege iliyotoka karakana yake kabla hajavipapasa vyote saba, asije akaacha bisibisi ndani ya injini. Na ugonjwa huo akatuletea nyumbani: hakuna kuinuka mezani mpaka vijiko vitimie. Siku uliyokificha kimoja kwenye soksi, tulikaa hadi chai ikawa maji ya kisima, na wewe unatazama dari kama malaika.

Nikaenda basi kwenye lile duka kubwa la makoti. Mwenye duka aliniwekea mawili. La kwanza limetoka kiwandani mwaka huu, limefuatisha la zamani mshono kwa mshono, hadi viwiko vimesuguliwa vionekane kuukuu. La pili ni la kale kweli, la askari wa nchi nyingine, limekarabatiwa likang'aa. Nikayanusa yote mawili, mwenye duka akaniona mwehu. Lile jipya lilinuka viatu. Lile la kale lilikuwa na jasho la baba wa mtu mwingine.

Sasa nakwambia jambo la aibu. Nilikaribia kulinunua lile jipya. Nilipanga nikutumie, niseme ni la baba, fundi amelitengeneza vizuri. Mwenye duka mwenyewe aliniambia, "Likivaliwa mwaka mmoja tu, nani atajua?" Nikaona ungelifurahia, ungepiga nalo picha, na mimi ningelala. Nilikuwa nimeshalikumbatia kifuani. Ndipo Bonge akaling'ata kola, mwenye duka akapiga kelele, nami nikalirudisha mezani na kutoka haraka. Njiani nikalia.

Kaka, hakuna jirani. Ni mimi.

Wiki ile ya mwisho baba alikuwa hasikii joto hata kidogo. Mablanketi mawili na bado anatetemeka, anataka koti lake tu. Tukamvika, akalala nalo. Jumatano akalitapikia dawa yote, na unajua alivyokuwa mtu wa usafi, akageuza uso ukutani asituone. Sikutaka aendelee kuona haya. Nikamvua, nikalitia kwenye beseni la maji ya moto, nikalisugua kwa sabuni ya unga, nikalikamua kama shuka na kulianika kwenye jua kali, maana alishaanza kuliuliza. Sikujua kwamba ngozi haifuliwi. Nilijua kufua tu.

Alhamisi nzima aliniuliza, "Koti langu liko wapi?" Nami namjibu, "Linakauka, baba." Lilikuwa limeshakauka. Limekakamaa, mikono imesimama kama ya mtu anayejisalimisha, halikunjiki. Nilijaribu kumvika, likamkwaruza shingo, nikaacha. Ijumaa asubuhi, nilipokuwa nampa maji kwa kijiko, aliuliza tena. Nikamjibu vilevile. Hakuuliza tena. Saa moja baadaye ndiyo ile simu niliyokupigia.

Alikufa anasikia baridi, kaka, na anaamini koti lake linakuja. Hilo ndilo nililokuficha. Hukuwepo kumzika, ukaniomba koti, na koti lenyewe nimeliharibu kwa mikono yangu.

Wiki iliyopita nilimwambia mama kwamba nitakuandikia ukweli. Nilidhani atashtuka. Akaendelea kuchambua mchele, halafu akasema, "Na sabuni alikupa nani?" Nilikuwa nimesahau kabisa. Ni yeye aliyenipa. Alisimama mlangoni akanitazama nikisugua, na akaniambia nizidishe povu kwenye kola. Miezi minne amekaa na lake, nami na langu, chumba kimoja, hakuna aliyemwambia mwenzake. Tulilia pamoja hadi Bonge naye akajiunga, hajui analilia nini.

Kesho yake nilirudi kwa fundi nikamwambia jirani ni mimi. Safari hii hakutania. Alilipaka mafuta ya ngozi siku tatu mfululizo, akashona viwiko visiendelee kupasuka. Bitana nilimkataza kuigusa. Zipu bado ni mbovu. Kola nondo wameila na itabaki ilivyo. Nimelituma kwako kwa posta juzi.

Najua si ulichoomba. Ulitaka lionekane kama siku za ujana wake, na halitaonekana hivyo. Ukitaka zuri, maduka yapo hata huko uliko, nunua, sitanung'unika. Ila hilo usilipe jina la baba.

Na kama una hasira na mimi, ziandike zote uzitume. Nitazisoma hadi mwisho. Usininyamazie tu. Nimekunyamazia wiki sita, najua kunavyochoma.

Fundi anasema mafuta yamefanya yaliyoweza. Kilichobaki kulilainisha ni joto la mwili wa mtu, alivae kidogo kila siku. Mimi limenifika magotini, na mikono imenimeza. Mama hawezi hata kulitazama. Umebaki wewe, na mabega yake unayo. Siku za mwanzo litakuuma. Livae hivyo hivyo.

Wifi msalimie sana, na wale mapacha wako wabusu kila mmoja shavu lake wasigombane. Mama anasema uvae soksi. Shemeji yako alipopiga simu akasema nisisahau salamu zake. Bonge hasemi kitu, ana kidole changu mdomoni.

Mungu akuzunguke pande zote huko ugenini, akupe usingizi mtamu na watu wa kukuuliza umekula nini. Nami anipe moyo wa kuifungua barua yako itakapofika.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata nikikosea,

Kinanda
(jina ulilonipa mwenyewe kwa kulia kwangu, na bado linanifaa)