Faili za Ngoina na Tebesonik

Litein, 2 Juni 2025

Na koti ulilosahau, Jackton wangu, silitumi ng'o, nalivaa nikilala. Lakini kwanza, kikohozi kimepona? Mimi mzima, ila kitanda ni kipana mno kwa mtu wa wiki tano za ndoa.

Kiwandani kila Jumamosi bado nanakili ripoti za vituo vya majani chai, faili moja moja. Madam Rodah, mkubwa wangu wa kazi, amesema, "Siku kompyuta itazikusanya yenyewe, Jumamosi zako ni za bwana wako." Basi nimeandika programu kwa Python, ile lugha ya kompyuta uliyonifunza. Faili ya kituo cha litein inafunguka, sigowet pia. Lakini ngoina na tebesonik inasema hazipo, na ninaziona kwa macho! Nimeandika "D:\majani\ngoina". Nimekosea wapi, mpenzi?

Mkeo, Chepkemboi

Kedowa, 4 Juni

Mke wangu mtamu,

Kikohozi kimeisha, upweke ndio umebaki. Leo nimewaambia wanafunzi mara tatu kwamba mke wangu anaandika programu. Wamenicheka.

Python ikiona mkwaju wa kinyume, huu \ hapa, ukifuatwa na n, inadhani unataka mstari mpya. Ukifuatwa na t, inaruka nafasi. L na s haina habari nazo. Weka r kabla ya alama za kunukuu: r"D:\majani\ngoina". Itasoma kila kitu kama kilivyo.

Jumamosi nakungoja stegi ya matatu saa nne. Nimenunua kuku.

Mumeo, Jackton

Litein, 10 Juni

Mume wangu,

U mzima? Najua ulingoja. Usiniambie ulikula kuku peke yako, nitalia tena.

Ile r ilifungua Ngoina na Tebesonik. Kwa furaha nikaiweka hata kwenye folda yenyewe: r"D:\majani\". Programu yote ikakataa, tena Jumamosi asubuhi! Madam akasema, "Shika kiti, Chepkemboi, nakili." Nikanakili mpaka jioni. Niliona haya kukupigia. Mke wa mwalimu ameshindwa na kimkwaju?

Jana nikagundua: hata ukiweka r, mkwaju wa mwisho unameza alama ya kufunga. Nimeandika mkwaju wa kawaida, "D:/majani/", na kompyuta imekubali. Vituo vyote kumi na vinne vimeingia nikinywa chai! Madam akatazama, halafu akasema: "Mwalimu wako amekufunza." Nikamjibu, "Hii ya mwisho nimejifunza mwenyewe."

Jumamosi hii kuna mkutano wa wakulima, Madam ananihitaji. Zinazofuata ni zangu. Nyumba imenyamaza, mpenzi, nasikia hata saa ya ukutani. Tarehe ishirini na moja, kabla mwezi haujaisha, nitakuwa Kedowa. Usipike. Simama tu mlangoni nikuone.

Mkeo, Chepkemboi